Kaa la Moto na Kaa wa Pwani: Kipimo cha Sauti katika Kuhamishia Santuri Tarakilishini

Mwanafunzi anayekusanya nyimbo za taarabu ya Mombasa hukutana mapema na maneno ambayo maandishi hayawezi kumsaidia kuyapambanua. Tuseme mwimbaji anatamka, "Nimeshika kaa." Mshororo huu umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini mfano wake haukosekani. Katika hati sanifu neno "kaa" huandikwa kwa namna moja tu. Mzaliwa wa Mvita, hata hivyo, ana maneno mawili: kaa la moto, ambalo k yake hutamkwa kavu, na kaa wa pwani, ambaye k yake hufuatwa na mpumuo unaohisika kiganja kikiwekwa mbele ya kinywa. Laiti kungekuwa na kivumishi, upatanisho wa kisarufi ungeondoa utata, kwa kuwa mmoja ni "wa" na jingine ni "la". Mshororo huu hauna kivumishi. Isitoshe, taarabu ni sanaa ya mafumbo, na katika mambo ya mapenzi aliyeshika kinachounguza na aliyeshika kinachouma kwa magando wote wawili wana la kulalamikia. Muktadha haumfai msikilizaji. Kinachomfaa ni pumzi ile ndogo, idumuyo chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Makala haya yanaeleza jinsi pumzi hiyo inavyoweza kupotea, au kuhifadhika, wakati wimbo unapohamishwa kutoka kwenye santuri hadi kwenye tarakilishi. Jambo lenyewe huonekana kuwa la mafundi wa redio. Waya huunganishwa, kitufe chekundu hubonyezwa, na kipimo cha sauti huachwa popote kilipo. Ni hapo, katika kipimo hicho, ambapo ushahidi wa kifonetiki hupona au huangamia.

Ikumbukwe kwamba tofauti hizi za matamshi ziliwahi kuandikwa. Mmishenari W. E. Taylor, aliyekaa Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na kukusanya tungo za Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, alizitilia alama konsonanti zenye mpumuo na zile za meno. Desturi hiyo haikudumu. Mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na hati iliyoenezwa baadaye haikuwa na nafasi ya mpumuo. Kwa sadfa ya ajabu, ni mwaka huo huo wa 1928 ambapo Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kurekodi. Kwa hivyo, mwaka ambao hati ilianza kuyasahau matamshi ya Mvita ndio mwaka ambao santuri ilianza kuyakumbuka matamshi ya pwani kwa jumla. Matini iliyochapwa ya wimbo wa Kimvita haina habari ya mpumuo. Santuri inayo.

Nyingi kati ya santuri zenye manufaa kwa mtafiti wa Kimvita ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizotolewa katika miaka ya 1960 na 1970 na lebo kama Mzuri, iliyokuwa ya duka la Assanand na Wanawe mjini Mombasa. Sehemu ya hazina hiyo imeshatolewa upya. John Storm Roberts alitoa mkusanyo wa "Songs the Swahili Sing" mwaka 1983, na katika mfululizo wa "Zanzibara" juzuu ya pili iliwekwa wakfu kwa taarabu ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975. Lakini mikusanyo hiyo ni mikebe michache kutoka ghala kubwa. Zilizosalia zimo masandukuni majumbani. Nao waimbaji hawapo tena wa kuulizwa: Juma Bhalo, aliyeziimba tungo nyingi za jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir, alifariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin alimfuata mwaka 2016.

Basi ichukuliwe kwamba sanduku moja la namna hiyo limo katika nyumba ya Magogoni, ng'ambo ya daraja la Nyali, upande wa Kisauni. Mwenyewe ni bibi aliyehama na santuri zake kutoka kisiwani. Mjukuu wake ni mwanafunzi wa Kiswahili chuoni, naye amekuja na tarakilishi na waya. Yatakayosemwa hapa chini yanawahusu hawa wawili, ambao ni wa kubuni, na mitambo yao, ambayo ni ile ile inayopatikana kila mahali.

Safari ya sauti kutoka sindanoni

Kipimo cha sauti hakieleweki mpaka njia ya sauti ieleweke. Sindano inapopita katika kijia cha santuri hutikisika, na kichwa kinachoishika hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Kichwa cha sumaku, ambacho ndicho cha kawaida katika mitambo mizuri, hutoa umeme hafifu mno, kadiri ya milivolti 3 hadi 5. Tundu la kuingizia sauti nyuma ya tarakilishi hutarajia takriban theluthi moja ya volti, yaani mara sitini hadi mia moja zaidi. Katikati ya viwili hivi hapana budi kuwe na kikuzaji cha awali.

Kikuzaji hicho kina kazi ya pili ambayo wengi huisahau. Tangu mwaka 1954 watengenezaji wa santuri walianza kufuata kanuni moja ya kupunguza sauti nzito na kuongeza sauti nyembamba wakati wa kuchonga, ili vijia visiwe vipana kupita kiasi na ili mvumo wa santuri yenyewe upunguzwe wakati wa kusikiliza. Upunguzaji na uongezaji huo hufikia kiasi cha desibeli 20 katika kila ncha. Kikuzaji cha awali huyarudisha mambo kama yalivyokuwa. Kinapokosekana, wimbo husikika kama unaimbwa ndani ya kopo: ngoma hazina tumbo na herufi s inachoma masikio. Mjukuu asiyejua haya huvuta kipimo cha tarakilishi hadi mwisho ili kufidia unyonge wa sauti, na anachokuza ni mvumo wa kadi ya sauti pamoja na wimbo. Huu ndio upotevu wa kwanza wa pumzi ile. Mpumuo kwa asili yake ni mvumo mwembamba. Ukizamishwa ndani ya mvumo mwingine mwembamba, hakuna sikio wala chombo kitakachoutenga.

Vinanda vya santuri vya bei nafuu vilivyoenea zamani mara nyingi vina kichwa cha fuwele au cha kauri. Hicho hutoa mamia ya milivolti, na hakihitaji kikuzaji cha namna hiyo. Ni busara kwa mjukuu kuchungulia kilicho chini ya mkono wa kinanda cha bibi kabla ya kununua chochote.

Tarakilishi nyingi za mezani zina matundu matatu yenye rangi. La kijani ni la kutolea sauti, la waridi ni la maikrofoni, na la buluu ndilo la kuingizia sauti kutoka kwenye mitambo mingine. Kosa la kawaida ni kutumia la waridi. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kwa umeme mdogo sana, mara nyingi lina mkondo mmoja tu badala ya miwili, na huikuza kupita kiasi sauti inayotoka kwenye kikuzaji. Tarakilishi za kubebeka mara nyingi hazina tundu la buluu kabisa, na hapo kadi ya sauti ya nje, inayochomekwa kwa waya wa USB, ndiyo njia ya salama. Kwa upande wa amplifaya, sauti ichukuliwe kwenye matundu yaliyowekwa kwa ajili ya kinasa kaseti. Matundu hayo hayaathiriwi na kitufe cha sauti cha amplifaya, kwa hivyo bibi anaweza kupunguza sauti ya sebuleni wakati wa adhana bila kuharibu kazi. Waya wa spika usiunganishwe na tarakilishi kamwe, kwa kuwa umeme wake unaweza kuiunguza kadi.

Ndani ya tarakilishi kwenyewe mna mtego mwingine. Kuna kipimo cha kusikilizia na kuna kipimo cha kurekodia, na hivi viwili havina udugu. Mtu anaweza kusukuma cha kwanza juu na chini kutwa nzima, asikie sauti ikipanda na kushuka, ilhali faili inayorekodiwa haibadiliki hata chembe.

Kilele kilichokatwa

Tarakilishi hailihifadhi wimbi la sauti kama wimbi. Hulipima mara maelfu kwa sekunde, mara 44,100 katika kipimo cha diski za CD, na kila mara huandika tarakimu. Katika mfumo wa biti 16 kuna ngazi 65,536 za kuandikia urefu wa wimbi, kutoka bonde la chini kabisa hadi kilele cha juu kabisa. Juu ya ngazi ya mwisho hakuna kitu. Wimbi likiizidi, tarakilishi huandika tarakimu ile ile ya mwisho tena na tena, na kilele kilichokuwa mviringo huwa bapa kama paa la ghorofa.

Hapa ndipo tarakilishi inapotofautiana na kinasa kaseti, na ndipo wenye mazoea ya kaseti hukosea. Utepe wa kaseti ukizidiwa huchoka polepole, na sauti hunenepa kabla ya kuharibika. Wapo waliopenda sauti hiyo nene, na fundi wa zamani alijua kuusukuma mshale uguse wekundu kidogo. Tarakilishi haina "kidogo". Ndiyo maana mizani yake husomwa kinyume: sifuri iko juu kabisa, na kila kitu halali huwa chini yake. Desibeli 6 chini ya sifuri ni nusu ya urefu wote wa wimbi, na desibeli 12 chini ni robo.

Kilele kilichokatwa hakirudi. Zipo programu zinazokisia umbo la kilele kilichopotea na kulichora upya, na kwa msikilizaji wa kujiburudisha huenda zikatosha. Kwa mwanaisimu, kisio si ushahidi. Maji yaliyomwagika hayazoleki, nayo tarakimu ambayo haikuandikwa haisomeki. Fauka ya hayo, wimbi lililokatwa vilele huzalisha sauti mpya nyembamba ambazo hazikuwemo kwenye santuri, na sauti hizo huangukia eneo lile lile la masafa ambamo vikwamizo na mpumuo huishi. Mwimbaji akivuta irabu ndefu kwa nguvu, na kipimo kikiwa juu mno, mkwaruzo wa irabu hiyo huchafua konsonanti za jirani.

Kinyume chake nacho kina hasara. Ikiwa sauti imerekodiwa chini sana, tuseme desibeli 40 chini ya sifuri, wimbo mzima umejibana katika sehemu moja ya mia ya nafasi iliyopo. Katika biti 16 hizo ni kama ngazi 655 tu, na mpumuo, ambao ni hafifu mara nyingi kuliko irabu inayoufuata, hupata ngazi chache za kuchorwa. Ukikuzwa baadaye, hukuzwa pamoja na mvumo wa kadi. Hata hivyo hasara hizi mbili si sawa. Sauti ya chini ni mgonjwa. Sauti iliyokatwa ni maiti. Katika shaka yoyote, kipimo na kishushwe.

Ushauri huu unawezekana kwa sababu santuri yenyewe haina upana mkubwa wa sauti. Kati ya kelele yake ya chini na sauti yake ya juu kabisa kuna desibeli 55 hadi 70 hivi, na santuri iliyokaa nusu karne katika unyevu wa pwani iko karibu na ile ndogo. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96. Vilele vikiachwa desibeli 12 chini ya sifuri, husalia desibeli 84, nazo zinazidi mahitaji ya santuri yoyote. Kwa biti 24 suala lenyewe hupungua uzito, kwa kuwa ngazi zake ni zaidi ya milioni 16 na robo yake tu ni zaidi ya milioni 4. Hapana sababu, basi, ya kukimbizana na sifuri. Wahifadhi wa sauti duniani, kupitia mwongozo wa chama chao cha kimataifa cha IASA, hupendekeza biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde. Gharama yake ni nafasi: dakika moja ya mikondo miwili huchukua takriban megabaiti 35, ikilinganishwa na megabaiti 10 na nusu kwa kipimo cha CD. Santuri ya dakika nne kila upande itakula kama megabaiti 276. Diski za siku hizi huzimeza bila kutafuna.

Kipimo sebuleni

Kazi ya kupima huanza kwa kusafisha. Vumbi na kuvu hugeuka kuwa milio ya kupasuka, na mlio mmoja wa namna hiyo unaweza kukipita kilele cha ngoma. Mtu anayepima santuri chafu huishia kupima uchafu. Maji yaliyochujwa kwa mvuke na kitambaa laini yanatosha kwa santuri za plastiki. Zile nzito za mizunguko 78, zilizotengenezwa kwa shelaki, zisiguswe na spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha shelaki. Hizo pia huhitaji sindano pana zaidi, na nyingi zilichongwa kabla ya kanuni ya mwaka 1954, kwa hivyo zinastahili makala yao zenyewe.

Kisha itafutwe sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote. Mjukuu asipime kwa mwanzo wa wimbo. Katika taarabu mwanzo mara nyingi ni udi au taishokoto peke yake, na ngoma na kiitikio huja baadaye kwa nguvu zao. Sindano ishushwe sehemu tatu au nne za santuri, pande zote mbili, huku mizani ikitazamwa. Sehemu kubwa kuliko zote ikipatikana, kipimo cha kurekodia kiwekwe ili vilele vyake vicheze kati ya desibeli 12 na desibeli 6 chini ya sifuri. Nafasi inayobaki juu si ya kupoteza. Ni ya ile milio ya kupasuka ambayo kitambaa hakikuiondoa. Mlio mmoja au miwili ikigonga sifuri, si msiba, maadamu kilichokatwa ni mkwaruzo wala si neno.

Joto la chini ya paa la mabati hupinda santuri. Santuri iliyopinda hupandisha na kushusha sindano kila inapozunguka, na kwa santuri ya mizunguko 45 hiyo ni mara tatu katika kila sekunde nne. Sikio halisikii mwendo huo. Tarakilishi huuona: mchoro mzima wa wimbi hupanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi ya kusi, na nafasi ya juu huliwa na mtikisiko usiosikika. Kwa santuri kama hizo kipimo kishushwe zaidi. Mtikisiko wenyewe utachujwa baadaye, katika nakala.

Kipimo kikishawekwa, kisiguswe mpaka upande umalizike. Zaidi ya hayo, nyimbo nyingi za santuri ndogo hazikuenea upande mmoja, zikakatwa katikati na kuendelea upande wa pili. Pande hizo mbili zirekodiwe kwa kipimo kimoja, ama sivyo wimbo utakapounganishwa mwimbaji ataonekana kama aliyehamia chumba kingine kati ya ubeti wa tatu na wa nne.

Adui mkubwa zaidi wa kazi hii, kwa maoni ya makala haya, ni msaada usioombwa. Tarakilishi na kadi nyingi huja na uwezo wa kujipimia sauti: sauti ikiwa ndogo huikuza, ikiwa kubwa huipunguza. Kwa mazungumzo ya simu ni jambo jema. Kwa santuri ni balaa. Mwimbaji anaponyamaza kabla ya neno, mashine huona kimya na kuongeza ukuzaji. Konsonanti ya kwanza huingia ikiwa imekuzwa, kisha irabu hufika na mashine hurudi nyuma. Matokeo yake ni kwamba k kavu huweza kuonekana yenye pumzi ambayo mwimbaji hakuitoa. Ule uwiano kati ya konsonanti na irabu, ambao mwanafonetiki huupima kwa rula, umeandikwa na mashine. Uwezo huo utafutwe katika madirisha ya mipangilio na uzimwe kabla ya jambo lolote.

Vinanda vya santuri vyenye waya wa USB, vilivyoenea tangu katikati ya miaka ya 2000, vina tatizo lao. Katika vingi ugeuzaji wa sauti kuwa tarakimu hufanyika ndani ya kinanda, na kipimo kinachoonekana katika programu kiko baada ya ugeuzaji huo. Ikiwa kinanda kimekwisha kuvikata vilele, kushusha kipimo hushusha vilele vilivyokwisha kukatwa. Dalili yake ni rahisi kuiona: mchoro ukikuzwa, vilele ni bapa ingawa viko mbali na sifuri. Dawa, kama ipo, imo katika kidude cha kupunguza chini ya kinanda chenyewe, si kwenye kipanya.

Dalili hiyo hiyo hufaa kutenga makosa ya rekodi na makosa ya santuri. Karibu na kitovu cha santuri kijia hupita polepole chini ya sindano, na herufi s na sh huanza kukwaruza. Mkwaruzo ukisikika huku vilele vikiwa mviringo, kipimo hakina hatia. Lawama ni ya sindano iliyochakaa, au ya kijia kilichochimbwa na sindano kama hiyo zamani.

Jambo la mwisho la kiufundi linahusu mikondo miwili. Santuri nyingi za zamani zilirekodiwa kwa mkondo mmoja, lakini kichwa cha kisasa husoma kuta zote mbili za kijia, kila ukuta na mikwaruzo yake. Ihifadhiwe mikondo yote miwili. Ikihitajika kuunganishwa baadaye, iunganishwe kwa wastani. Mawimbi mawili yanayofanana yakijumlishwa tu huongezeka kwa desibeli 6, na vilele vilivyolindwa kwa jasho wakati wa kurekodi hukatwa mezani kwa kitufe kimoja.

Nakala safi na nakala chafu

Faili iliyotoka kwenye santuri bila kuguswa ihifadhiwe kama ilivyo, katika muundo usiobana data kama WAV, pamoja na maelezo ya lebo, namba ya santuri, upande, kichwa cha sindano na kipimo kilichotumika. Usafishaji wowote ufanyiwe nakala. (Na nakala hizo ni za utafiti. Kuzirudufu na kuziuza ni suala jingine, lenye Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001.)

Sababu ya ukali huu inarudi kwenye neno la mwanzo. Programu za kuondoa mvumo hujifunza sura ya mvumo kutoka sehemu ya santuri isiyo na wimbo, kisha huondoa kila kinachofanana nao. Mpumuo unafanana nao. Programu za kuondoa milio ya kupasuka hutafuta mshtuko mfupi wa ghafla. Vipasuo vya k, t na p ni mishtuko mifupi ya ghafla. Kadiri programu inavyosafisha kwa bidii ndivyo Kimvita kinavyokaribia kusikika kama Kiswahili cha mtu aliyejifunza kitabuni, na msikilizaji asiye mzaliwa wa lahaja hatatambua kwamba kuna kilichoondoka, maana wimbo ni safi na unapendeza.

Tuseme, basi, mjukuu amekwisha kurekodi, akasafisha kwa nguvu zote za programu, akamwita bibi asikilize kwenye spika za tarakilishi.

"Bibi, hapa anasema kaa gani?"

"La moto, mwanangu."

Akaandika katika daftari lake: kaa la moto. Lakini bibi alikuwa ameusikia wimbo huo miaka mingi kabla ya mjukuu kuzaliwa, na uso wake haukutulia. Akaomba santuri yenyewe ipigwe. Sindano ikashushwa, mvumo ukajaa sebule, na mshororo ukapita. Bibi akacheka. Mjukuu akalifuta neno daftarini, akaifungua faili ya kwanza, ile chafu, yenye vilele desibeli 9 chini ya sifuri, akamvisha bibi visikizi masikioni na kuurudisha wimbo nyuma.

"Na sasa, bibi?"

"Wa pwani," akajibu. "Huyo anauma."